Vitu vya nyumbani vikiharibika mfululizo: shika chanzo kabla hujamlipa fundi

Friji imegoma. Wiki haijaisha pampu ya maji imeungua, kisha taa tatu za sebuleni zikafa kwa pamoja na shawa ya maji moto ikaanza kupiga shoti. Watu huita mkosi. Mara nyingi vitu vinavyokufa kwa kufuatana ndani ya nyumba moja huwa vimeuawa na kitu kimoja au viwili: umeme usiotulia, waya uliolegea, maji yenye chumvi na mchanga, au pampu iliyozunguka kavu. Ukibadilisha kilichokufa ukaacha kilichokiua, utalipa tena, na safari hii fundi naye atakataa kubeba garantii.

Maelezo haya ni ya nyumba za mijini Tanzania na Kenya: umeme wa volti 230 hadi 240, mita ya tokeni, tangi la maji lililoinuliwa, na pampu ndogo ya nusu hosipawa.

Hatua ya 1: Zuia hasara isiongezeke

Kabla ya kufikiria matengenezo, tenganisha kinachoharibu na kilichoharibika tu. Friji iliyokufa haiharibu kitu kingine zaidi ya nyama. Bomba linalovuja ndani ya ukuta linaharibu ukuta, rangi, nyaya na bili, saa 24.

Soketi yenye joto, harufu ya plastiki inayoungua, cheche, au kifaa kinachokupiga shoti ukikigusa: zima meini swichi, chomoa kifaa, na soketi hiyo isitumike hadi ifunguliwe na kukaguliwa. Usikubali ushauri wa "igeuze tu plagi". Kugeuza plagi huficha hitilafu bila kuiondoa.

Maji yakitiririka, funga koki kuu iliyo karibu na mita ya maji. Ikiwa haijaguswa miaka mingi, usiitie spana ndefu ukailazimisha, maana mti wake (shina unalozungushia) utakatika na hapo maji hayazuiliki tena. Izungushe robo mbele, robo nyuma, mara kadhaa, hadi ilegee yenyewe.

Friji iliyozima isifunguliwe funguliwe. Ikibaki imefungwa, chakula kwenye friji hukaa salama kama saa 4, na friza iliyojaa hushikilia ubaridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwenye joto la Tanga au Mombasa chukulia muda mfupi kuliko huo.

Hatua ya 2: Andika kabla hujapiga simu

Chukua daftari. Kwa kila kitu kilichokufa andika tarehe, saa, umeme ulikuwaje wakati huo (ulikatika? ulirudi kwa kishindo? taa zilififia?), maji yalikuwa ya mgao au la, na kama mvua ilinyesha. Ukishaandika vitu vitatu au vinne, sura huanza kuonekana:

- Vitu vya elektroniki (TV, king'amuzi, chaja, taa za LED) vimekufa siku moja au usiku mmoja: volti ilipanda sana. Mshukiwa wa kwanza ni nyutro, waya wa kurudishia umeme.
- Vimekufa vyenye mota tu (friji, pampu, feni), na kwa wiki kadhaa: volti ya chini, hasa ya jioni.
- Zimekufa koki, washa (vipete vya mpira ndani ya koki), elementi za kupashia maji, na sili ya pampu (kizibo kinachozuia maji kuvuja): tatizo ni maji yenyewe, ama chumvi ama mchanga.
- Kila kitu kilichokufa kilikuwa chumba kimoja: ni waya au soketi za chumba hicho, na kazi yake ni ndogo.
- Breka (swichi inayojikata yenyewe) hujizima kila mvua inaponyesha: bati linavuja juu ya taa au juu ya maungio ya nyaya darini. Hapo usianze na fundi umeme, anza na paa.

Hatua ya 3: Pima umeme

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nunua kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi, kile chenye tarakimu. Hakikulazimishi kushika nyaya. Soma namba alfajiri, saa sita mchana, kati ya saa moja na saa tatu usiku ambapo mtaa mzima unapika na kupiga pasi, na saa sita usiku. Siku tatu zinatosha kukuonyesha hali.

Volti kati ya 207 na 253 ni ya kawaida, yaani 230 kwa tofauti ya asilimia 10 juu au chini. Ikiwa jioni inashuka chini ya 200 na usiku wa manane inarudi 230, laini ya mtaa imezidiwa. Taa za LED hazitajali sana, mota zitateseka. Mota ikipewa volti ndogo huvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, na zile ampea za ziada hugeuka joto ndani ya koili, yaani nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota. Kompresa ya friji (mota inayosukuma gesi) kwenye volti 170 hujaribu kuwaka, hushindwa, hukatwa na kinga yake, hupoa, hujaribu tena. Ule mlio wa "tak" nyuma ya friji kila baada ya dakika chache ndio huo.

Sasa pima ukiwa na mzigo. Zima vitu vyote, soma volti. Washa birika la umeme au pasi ya wati 2000, soma tena kwenye soketi nyingine ya chumba hichohicho. Kushuka volti 3 hadi 6 hakuna shida. Ikishuka zaidi ya 10, kuna mahali umeme unapita kwa shida: ungio lililolegea au waya mwembamba. Rudia zoezi chumba kingine. Ikishuka chumba kimoja tu, kosa liko kwenye nyaya za chumba hicho. Ikishuka nyumba nzima, kosa liko kwenye meini swichi, kwenye mita, au kwenye waya unaotoka nguzoni. Muulize jirani aliye kwenye nguzo ileile. Kama naye analalamika, si nyumba yako.

Kisha kuna nyutro. Laini ya mtaani hubeba fezi tatu (nyaya zinazoleta umeme) na nyutro moja. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikikatika au kulegea huko nguzoni, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zinagawana zile 400 bila mpatanishi. Nyumba inayotumia vitu vingi hupata volti chache. Nyumba yenye taa mbili na TV peke yake hupata 300 na zaidi. Ndiyo sababu TV yako imeungua na ya jirani imepona, na ndiyo sababu yeye atakwambia umeme ulikuwa mdogo ilhali wewe uliona taa zinang'aa kama za uwanjani.

Dalili zake: taa zinang'aa kupita kiasi au zinafifia bila sababu, na mtaani wengine wanalalamikia kinyume cha unachokiona wewe; feni inakimbia kuliko kawaida; chaja zinatoa harufu. Nyumba yenye umeme wa fezi tatu huyaona yote mawili ndani kwa wakati mmoja. Ukiona hivyo, zima meini swichi papo hapo, usisubiri "itulie". Chomoa kila kitu. Toa taarifa TANESCO au Kenya Power, sema wazi kwamba unashuku nyutro, omba wakague ungio la nguzoni na la kwenye mita, na uandike namba ya taarifa na saa. Kinachotoka nguzoni hadi kwenye mita ni mali yao na kazi yao. Fundi wa mtaani asipande nguzo hata kama ana ngazi na moyo.

Kuanzia mita kuja ndani ni kazi yako. Mwite fundi umeme mwenye leseni (Tanzania leseni hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA), na kazi umpe hivi:

1. Azime meini swichi na kuthibitisha kwa mita ya kupimia kwamba umeme umekatika upande anaoushughulikia.
2. Akaze skrubu zote: za meini swichi, za kila breka, za baa ya nyutro na ya eathi (waya unaokwenda ardhini). Skrubu hulegea zenyewe kwa kupata moto na kupoa miaka nenda miaka rudi.
3. Waya wenye ganda la kahawia au lililoyeyuka ukatwe sentimita 2 au 3, uchunwe upya, ufungwe kwenye shaba safi. Kukaza skrubu juu ya shaba iliyoungua ni kuahirisha.
4. Afungue soketi za friji, pasi, jiko na pampu, aangalie nyuma.
5. Apande darini atafute maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kuvishwa tepu. Yote yawekwe kwenye boksi na kufungwa kwa konekta za skrubu.

Ukubwa wa waya na breka uulizie kwa namba, wala usikubali jibu la "nimeweka mkubwa". Taa ni waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Laini ya soketi ni 2.5 na breka ya 20. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 huvuta ampea 24, kwa hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, wa milimita 6 (4 ikiwa umbali ni mfupi), breka ya 32, na eathi ya kweli. Shawa kama hiyo ikiungwa kwenye laini ya soketi, waya huoka polepole ndani ya ukuta, na hilo ndilo chimbuko la harufu ambayo watu huitafuta wiki nzima wasiione. Breka inayojizima mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi. Inakwambia kitu.

Waya feki ni wengi. Waya wa 2.5 wa nyuzi saba, kila uzi una unene wa milimita 0.67, wa uzi mmoja ni kama 1.78. Mwombe muuzaji akate kipande, ukwangue kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, aluminiamu iliyopakwa shaba ni nyeupe chini ya rangi. Alama ya shirika la viwango, TBS au KEBS, kwenye ganda ni mwanzo tu, kwangua hata ukiiona.

Baada ya hapo ndipo ununue kinga. Frijigadi, kile kifaa kinachokaa kati ya soketi na friji, haisahihishi volti. Inachofanya ni kukata umeme ukishuka chini ya kama 185 au kupanda juu ya kama 260, na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Kwa friji hiyo ni kinga nzuri kwa bei ndogo. Stebilaiza inasahihisha, lakini ukubwa wake lazima ubebe mshtuko wa kuwaka kwa kompresa, ambao ni mara kadhaa ya wati zilizoandikwa kwenye friji. Kwa friji ya kawaida chukua VA 1000 kwenda juu (VA ni kipimo cha uwezo wa stebilaiza). Ya VA 500 italia na kuungua. Na mahali ambapo volti ni 220 usiku na mchana, stebilaiza ni mapambo.

Hatua ya 4: Pampu na maji

Pampu ndogo za nyumbani hufa kwa utaratibu ambao haubadiliki, na kila hatua ni ghali kuliko iliyotangulia. Maji ya mgao yamekatika, tangi la chini limekauka, pampu inazunguka kavu. Sili ya shafti (mhimili unaozunguka), ambayo hupozwa na maji, inaungua. Pampu inaanza kudondosha maji kwenye shafti. Maji yanaingia kwenye beringi, beringi inapata kutu, inaanza kulia. Rota (sehemu ya mota inayozunguka) inakwama kwama, koili inapata moto, inaungua. Ukishika kwenye sili umetumia pesa ya sili na nusu saa ya fundi. Ukisubiri hadi koili, unalipia kusuka mota upya, beringi mbili, sili na kapasita (kipuri kinachotunza chaji ya kuisaidia mota kuwaka), na jumla inakaribia bei ya pampu mpya.

Kinga yake ni swichi ya boya ndani ya tangi la chini, inayokata umeme wa pampu maji yakishuka. Iwekwe ikate wakati maji bado yako juu ya mdomo wa bomba la kuvutia kwa sentimita 10 hivi. Nyumba inayopata maji ya mgao na haina swichi hiyo imeshajiandalia kuungua kwa pampu.

Pampu ikisumbua, fuata mpangilio huu.

*Kimya kabisa.* Angalia breka, plagi, swichi ya boya, swichi ya presha. Mara nyingi ni chungu walioingia kwenye swichi ya presha na kukwama kati ya migusano yake.

*Inavuma lakini haizunguki.* Zima ndani ya sekunde chache, kwa sababu mota iliyokwama huunguza koili haraka. Chomoa umeme. Fungua kifuniko cha feni nyuma, zungusha shafti kwa mkono au kwa bisibisi. Ikiwa ngumu, impela (gurudumu linalosukuma maji) imeganda kwa kutu au chumvi. Hutokea kwa pampu iliyokaa wiki kadhaa bila kutumika, kwa kuwa nafasi kati ya impela na ukuta wake ni ndogo mno. Ikiachia kwa kuzungushwa, jaribu tena. Ikiwa shafti ilikuwa laini tangu mwanzo, badilisha kapasita. Pampu za nusu hosipawa nyingi hutumia mikrofaradi 8 hadi 12. Nunua namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani, volti 450. Kabla ya kuigusa, unganisha miguu yake kupitia balbu ya nyuzi ya zamani ili iishiwe chaji.

*Inazunguka, maji hayaji.* Imepoteza maji ya kuanzia. Fungua plagi ya juu, jaza hadi yafurike, funga, washa. Ikipoteza tena kesho yake, valvu ya kwenye mguu wa bomba la kuvutia haishiki, au ungio mojawapo upande wa kuvuta linanyonya hewa. Ungio linalonyonya hewa halidondoshi maji, ndiyo sababu halionekani. Paka povu la sabuni pampu ikifanya kazi, uone linaponyonywa.

*Inawaka na kuzima kila sekunde chache.* Tenki la presha (mtungi wa maji na hewa unaofungwa na pampu) limeishiwa hewa, au kuna kinachovuja nyumbani. Zima pampu, fungua bomba hadi maji yaishe, pima hewa kwa geji ya matairi. Iwe pungufu kwa baa 0.2 (baa ni kipimo cha presha) kuliko presha ambayo pampu huwakia; yaani ikiwakia baa 1.4, jaza hewa hadi 1.2. Maji yakitoka kwenye kizibo cha hewa, mpira wa ndani umepasuka.

Uvujaji pima hivi. Funga mabomba yote, soma mita ya maji, subiri saa moja bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba ikisogea, kuna pa kutafuta. Anza chooni: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tenki la choo, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini haufungi. Ni kipuri cha bei ndogo, na uvujaji wa kujaza jagi la lita moja kwa dakika mbili ni lita 720 kwa siku. Bomba linalodondosha tone kwa sekunde ni lita 20 hivi kwa siku. Linakera zaidi kuliko linavyokula, kwa hiyo lisubiri.

Washa za koki zikiisha kila baada ya miezi michache, tatizo ni mchanga. Maji ya mgao yanaporudi huja na hewa na uchafu. Fungua kwanza bomba la nje, lile la chini kabisa, yatiririke hadi yawe meupe, ndipo uruhusu tangi lijae. Tangi lenyewe lisafishwe mara mbili kwa mwaka. Kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo maeneo mengi ya Dar es Salaam, elementi ya kawaida ya shawa haidumu. Nunua shawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, na usiwashe shawa yoyote yenye ganda lililopasuka.

Maungio ya PPR (mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto) yanayovuja hayazibwi kwa gundi. Kipande hukatwa na kuchomwa upya kwa mashine ya nyuzi 260: bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha lisisogezwe wala kufunguliwa maji kwa dakika 2, na kwa la 32 dakika 4. Fundi anayeacha bomba kwenye mashine huku anaongea na simu huyeyusha plastiki hadi njia ya ndani inabaki tundu la penseli. Baadaye utaambiwa presha ya maji ni ndogo na uuziwe pampu.

Hatua ya 5: Friji

Kabla ya fundi friji kuja, fanya haya mwenyewe. Chomoa, sogeza friji mbele, safisha vumbi kwenye nyavu za nyuma kwa brashi laini. Acha sentimita 10 kati yake na ukuta. Bana noti kwenye mlango, vuta. Ikitoka bila ukinzani, mpira wa mlango umechoka mahali hapo, na friji itafanya kazi usiku na mchana bila kupoza vizuri. Umeme ukikatika na kurudi, usiiwashe kabla ya dakika 5, ili presha ya gesi isawazike.

Friji isiyowaka ila inalia "tak", kwanza pima volti. Volti ikiwa nzuri, kinachofuata ni relei (swichi ya kuwashia kompresa) na kinga ya joto zilizobanwa ubavuni mwa kompresa, vipuri viwili vya bei nafuu. Tatu ni kompresa yenyewe. Ina pini tatu. Fundi akipima ukinzani kati ya kila jozi, namba kubwa lazima iwe jumla ya zile mbili ndogo, na kati ya pini yoyote na chuma cha mwili kusiwe na njia. Mwambie akuonyeshe namba. Anayesema "kompresa imekufa" bila kupima anabahatisha kwa pesa yako.

Na hili la kujaza gesi. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna tundu. Kujaza bila kutafuta tundu na kulichomea ni kununua baridi ya wiki chache. Kazi kamili ni kutafuta tundu, kuchomea, kubadilisha filta, kuvuta hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha kujaza kwa mzani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo hujazwa gramu chache na inashika moto. Jiko na sigara vikae mbali, madirisha wazi, na moto wa kuchomea usiwashwe kabla mabomba hayajamalizwa gesi. Fundi akija na mtungi bila mzani, mshukuru kwa safari yake.

Hatua ya 6: Paa

Kwa bati la mawimbi, msumari hupigwa kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni. Msumari uliolegea au wenye mpira uliokauka ung'olewe, pawekwe skrubu ya bati yenye mpira mpya na nene kidogo kuliko tundu la zamani. Kazi ifanyike kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Silikoni iliyopakwa juu ya vumbi na kutu haifiki mvua ya tatu.

Hatua ya 7: Panga pesa

Vitu vinne vikifa na pesa ni ya kimoja, mpangilio uwe huu: kinachoweza kuua au kuchoma nyumba, kinachoendelea kuharibu vingine, kinachozuia maji, choo au kupika, kinachokuingizia kipato, halafu starehe. Kwa mpangilio huo kukaza nyutro kunatangulia TV, na swichi ya boya inatangulia friji mpya, hata kama watoto wana maoni tofauti.

Tengeneza au nunua? Kama gharama yote, ufundi pamoja na vipuri na usafiri, inazidi nusu ya bei ya kifaa kipya, na kifaa kimeshavuka nusu ya umri wake, nunua. Usijumlishe pesa ulizokwisha kutumia kukitengeneza huko nyuma, hizo zimeenda. Mota ikishasukwa mara moja, isisukwe mara ya pili.

Kisha andika kila kifaa kikubwa, bei yake ya leo na miaka unayotarajia kidumu. Friji ya shilingi 900,000 za Tanzania ya kudumu miaka 10 inakula 7,500 kwa mwezi. Jumlisha vyote, na hiyo ndiyo pesa ya kutenga kila mwezi, kwenye kibubu, kikoba au akaunti ya simu isiyo ile ya matumizi.

Hatua ya 8: Fundi na mwenye nyumba

Ujumbe wenye maelezo humleta fundi na kifaa sahihi: "Fundi, habari za kazi. Pampu ya nusu hosipawa inavuma haizunguki. Shafti inazunguka kwa mkono. Kapasita imeandikwa 10. Volti ni 228. Ukija njoo na mita ya kupimia. Ufundi utakuwa bei gani, vipuri nitanunua mwenyewe?"

Ufundi kando, vipuri kando: hilo likubaliwe kabla hajafungua skrubu. Malipo ya awali yawe ya vipuri tu, na risiti irudi. Kipuri cha zamani ubaki nacho, siyo kwa kumshuku, bali utakihitaji dukani siku nyingine. Piga picha nyaya kabla hazijafunguliwa. Bakiza sehemu ya ufundi, kama robo, hadi kifaa kifanye kazi siku moja kamili. Fundi mzuri hatanuna.

Mpangaji asome mkataba kabla ya kutoa pesa. Mikataba mingi humwachia mwenye nyumba paa, nyaya za ukutani, mabomba ya ndani ya ukuta na karo la maji machafu, na mpangaji balbu, washa na alichokivunja. Taarifa itumwe kwa maandishi, na picha, siku hiyohiyo: "Shikamoo mzee. Bomba la ukutani bafuni linavuja tangu leo asubuhi, nimefunga koki kuu. Fundi amesema ni ungio la PPR, ufundi na vipuri jumla 45,000. Nilipe tukate kwenye kodi ya mwezi ujao, au utamtuma fundi wako?" Usikate kodi kabla hajajibu kwa maandishi.

Mwisho, boksi moja liwekwe mahali panapofikika gizani: testa, kipima volti, bisibisi mbili, plaisi, spana ya kurekebisha, tepu ya uzi wa bomba, washa tano za nusu inchi, mpira wa tenki la choo, kapasita ya pampu yako, na fyuzi za plagi za ampea 3, 5 na 13. Ya 3 inatosha kifaa cha hadi wati 700 hivi. Usiweke 13 kila mahali kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, na usiweke kipande cha msumari hata kwa usiku mmoja. Tepu huzungushwa kwa mwelekeo wa kukaza, mizunguko 10 au zaidi, ukianzia mwisho wa uzi.